Aliyesoma Sanaa au Biashara Aende Wapi Baada ya Kidato cha Sita

Kila mwaka Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza matokeo ya Kidato cha Sita, kwa kawaida mwezi Julai, familia nyingi za Arusha na Moshi huwauliza vijana wao maswali mawili tofauti. Kijana wa PCB au PCM, yaani tahasusi (michanganyiko ya masomo matatu) za sayansi, huulizwa kama amechagua udaktari au uhandisi. Kijana wa HGL, HKL, HGK, HGE au ECA, tahasusi za sanaa na biashara, huulizwa, tena kwa sauti ya kumwonea huruma, sasa atafanya nini. Swali hilo la pili limejengwa juu ya dhana kwamba sanaa na biashara ni mahali pa waliokosa sayansi, na dhana hiyo imewafanya vijana wengi kujaza maombi ya chuo kwa kufuata jina la kozi linalosikika vizuri, au chuo alichokwenda rafiki, au kozi aliyosoma shangazi aliyefanikiwa miaka ishirini iliyopita. Matokeo yake huonekana baada ya miaka mitatu, pale mhitimu anapofungua tangazo la ajira na kugundua kwamba fani yake haikutajwa, au kwamba shahada aliyoipata kwa taabu ilikuwa nusu tu ya kilichotakiwa.

Makala haya yanashauri mwenendo wa kinyume. Mwanafunzi aanze na kazi anayoitaka, aulize ni nani mwenye mamlaka ya kumruhusu kuifanya, ajue mamlaka hiyo inadai nini, kisha ndipo arudi nyuma hadi kwenye kozi na hadi kwenye matokeo aliyo nayo mkononi. Kazi nyingi za sanaa na biashara zina bodi, leseni, usajili au usaili unaosimama kati ya cheti na mshahara, na vyuo, hata vile vizuri, mara nyingi havisemi hilo kwa uwazi wakati wa kutafuta wanafunzi.

Matokeo yanasomwa kwa mizani mbili

Mkanganyiko wa kwanza uko kwenye matokeo yenyewe. Baraza la Mitihani hupanga daraja kwa kuhesabu A kuwa 1, B kuwa 2, C kuwa 3, D kuwa 4, E kuwa 5, S kuwa 6 na F kuwa 7, kisha kujumlisha masomo matatu ya tahasusi. Jumla ya 3 hadi 9 ni daraja la kwanza, 10 hadi 12 ni la pili, na 13 hadi 17 ni la tatu. Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, huhesabu kwa kwenda upande wa pili: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Sharti lake la chini kwa shahada ni ufaulu wa masomo mawili kwa kiwango ambacho wanafunzi hukiita prinsipo, yaani kuanzia E, wenye jumla isiyopungua pointi 4 katika masomo yanayohusiana na kozi inayoombwa.

Tuchukue wanafunzi wawili wa HGL waliosoma darasa moja. Wa kwanza amepata D ya Historia, E ya Jiografia na S ya Kiingereza. Jumla yake ni 15, daraja la tatu. Wa pili amepata C ya Historia, E ya Jiografia na F ya Kiingereza; jumla yake nayo ni 15, daraja la tatu vilevile. Nyumbani kwa wote wawili watu watapongezana kwa namna moja. Lakini kwa mizani ya TCU yule wa kwanza ana pointi 3 na hana sifa ya kuingia shahada moja kwa moja, ilhali wa pili, ambaye ana F kwenye cheti, ana pointi 4 na anaruhusiwa kuomba. Mzazi asiyelijua hili hulipia maombi katika vyuo vikuu vitatu au vinne, mtoto anakataliwa kote, na familia inaamini kwamba kuna upendeleo.

Pointi 4 ni kizingiti cha chini tu. Kila kozi huongeza masharti yake. Kozi za uchumi, takwimu, uhasibu na fedha mara nyingi huangalia Hisabati, ama kupitia somo la Hisabati Tumizi linalosomwa na tahasusi kama ECA na HGE, ama kupitia ufaulu wa Hisabati wa Kidato cha Nne. Hapa ndipo wengi wa HGL na HKL hukwama. Dawa yake ipo, na ninashangaa kwamba inatajwa kwa nadra shuleni: mtu aliyemaliza Kidato cha Sita anaweza kujisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea na kurudia Hisabati ya Kidato cha Nne. Mwaka mmoja wa kujifunza jioni unaweza kumfungulia kozi ambazo daraja la kwanza la HKL lisingemfungulia.

Cheti cha Kidato cha Nne kina nguvu kuliko wengi wanavyodhani hata kwa njia nyingine. Vyuo vya kati vilivyo chini ya NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi, hudahili ngazi ya awali kwa kuangalia matokeo ya Kidato cha Nne, kwa kawaida ufaulu wa angalau D katika masomo manne yasiyo ya dini. Maana yake ni kwamba kijana aliyesoma HGK kwa sababu alipangiwa, lakini Kidato cha Nne alifaulu Baiolojia, Kemia na Fizikia, bado anaweza kuomba stashahada ya uuguzi au ya utabibu. Tahasusi ya Kidato cha Tano haifuti kilichotangulia. Nimekutana na wazazi waliodhani kwamba mtoto wao "ameshahama" sayansi moja kwa moja, na wakamnyima nafasi ambayo cheti chake kilikuwa kinamruhusu.

Ngazi mbili zinazofika mahali pamoja

Elimu ya juu ya Tanzania ina njia mbili, na ni kosa kuiona mojawapo kuwa ya walioshindwa. Njia ya kwanza ni Kidato cha Tano na cha Sita, kisha shahada ya miaka mitatu kwa kozi nyingi za sanaa na biashara. Njia ya pili ni ya NACTVET, ambamo mwanafunzi hupanda kwa hatua: astashahada ya awali, ambayo ni ngazi ya 4, astashahada ya ngazi ya 5, stashahada ya ngazi ya 6, na kuendelea hadi ngazi ya 8, ambayo ni shahada. Aliyemaliza Kidato cha Nne huanza ngazi ya 4, na mara nyingi hutumia miaka mitatu kufika stashahada. Aliyemaliza Kidato cha Sita akiwa na prinsipo moja na S moja huingia ngazi ya 5 na kumaliza stashahada kwa miaka miwili. Mwenye stashahada ya GPA (wastani wa alama za chuo) ya 3.0 au zaidi anaruhusiwa na TCU kuomba shahada.

Ukipiga hesabu, aliyekwenda chuo baada ya Kidato cha Nne hufika shahada kwa miaka sita, na aliyepitia Kidato cha Sita moja kwa moja hufika kwa mitano. Tofauti ni mwaka mmoja, lakini yule wa kwanza, iwapo ada itakata katikati, tayari ana stashahada inayotambulika kwenye ajira. Kwa familia ambayo kipato chake kinategemea mavuno ya kahawa au msimu wa watalii, huo ni uzito wa kuwekwa kwenye mizani kabla ya kuamua. Kwa yule mwanafunzi wetu wa kwanza wa HGL mwenye pointi 3, njia ni hiyohiyo: stashahada ya miaka miwili, akaze ili GPA isishuke chini ya 3.0, kisha aombe shahada. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania nacho kina kozi ya msingi kwa waliokaribia sifa bila kuzifikia, nayo huwafaa hasa wale walio tayari kazini.

Uhasibu, ugavi, na bodi zinazosubiri nje ya chuo

Arusha ina Chuo cha Uhasibu, IAA, pale Njiro, na Moshi ina Chuo Kikuu cha Ushirika, MoCU, kwenye Barabara ya Sokoine. Wanafunzi wa ECA na EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) wa ukanda huu huona vyuo hivi kuwa ndio hatima yao ya kawaida, na si vibaya. Tatizo ni kwamba wengi huingia wakiamini kwamba shahada ya uhasibu humfanya mtu kuwa mhasibu. Kisheria na kiutumishi sivyo ilivyo. Taaluma ya uhasibu inasimamiwa na NBAA, yaani Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, na anayefikia kiwango kamili ni yule aliyefaulu mitihani ya bodi hiyo hadi mwisho na kupata CPA, cheti cha mhasibu kamili. Katika utumishi wa umma tofauti hiyo inaonekana hata kwenye jina la cheo: mwenye shahada pekee huajiriwa kama afisa hesabu, na nafasi ya mhasibu hudai CPA. Wote wawili wamekaa darasa moja, lakini mmoja amesoma tangazo mapema.

Habari njema ni kwamba mitihani ya NBAA haimsubiri mtu awe na shahada. Bodi ina mitihani ya mafundi wa uhasibu ambayo mwenye elimu ya sekondari anaweza kuianza, na mwenye shahada ya uhasibu hupata msamaha wa baadhi ya masomo ya hatua za mwanzo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anapaswa kwenda kuuliza ni masomo gani ya chuo chake yanayompa msamaha huo, kwa kuwa jibu hilo linaweza kumsaidia kuchagua kati ya shahada mbili zinazofanana kwa majina. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu wahitimu wengi huahirisha CPA hadi "watakapopata kazi", na kazi wanayoisubiri inadai hiyohiyo CPA.

Ununuzi na ugavi uko vilevile chini ya bodi ya wataalamu wake, PSPTB, na matangazo ya maafisa ugavi wa Serikali hudai usajili wa bodi hiyo pamoja na shahada. Fani hii imepata uzito mpya tangu ununuzi wa umma ulipohamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST, ambao wazabuni wote, wakiwamo wadogo, hulazimika kuutumia. Fundi wa ujenzi wa Ngaramtoni au mama lishe mwenye kampuni anayetaka zabuni ya kulisha shule hana budi kujisajili, kuambatanisha nyaraka za kodi na leseni, na kujaza bei kwa namna mfumo unavyotaka. Kijana mwenye stashahada ya ugavi anayeujua mfumo huo vizuri anaweza kupata riziki kwa kuwahudumia watu kama hawa kabla hajaitwa kwenye usaili wowote.

Ushirika, ambao Moshi inaujua kuliko miji mingine

Moshi ina historia ya ushirika inayostahili kuangaliwa na mwanafunzi wa biashara kwa jicho la kazi. KNCU, Chama Kikuu cha Ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, kilianzishwa mwaka 1933, chuo kilichozaa MoCU kilianza mwaka 1963, kikawa chuo kikuu kishiriki mwaka 2004 na chuo kikuu kamili mwaka 2014. Bodi ya Kahawa Tanzania ina makao yake Moshi. Kwa hiyo mtu anayesoma usimamizi wa ushirika, fedha ndogondogo au uhasibu wa ushirika hapo anasoma katikati ya kile anachojifunza.

Atakayetaka kujua kazi hiyo ikoje aende kwenye AMCOS (chama cha msingi cha ushirika wa wakulima) yoyote ya Kibosho au Machame siku ya kupokea kahawa. Wakulima hupanga foleni na magunia ya kahawa ya maganda, mizani iko mlangoni, na katibu meneja ana daftari, stakabadhi za nakala tatu, na wazee wanaomtazama kila anapoandika namba. Akiandika kilo pungufu, mama anayeuza gunia moja atajua kabla hajafika nyumbani. Baadaye mnada ukifanyika, yeye ndiye atakayeeleza kwa nini malipo ya pili ni kidogo kuliko mwaka jana, makato ya chama ni yapi, na usafirishaji umekula kiasi gani. Kazi hiyo inahitaji uhasibu, sheria ya ushirika, Kiswahili kilichonyooka na uvumilivu mkubwa, na mtu wa HGE mwenye moyo wa watu huweza kuifanya vizuri kuliko mwenye daraja la kwanza asiyependa kuulizwa maswali. Vivyo hivyo kwa SACCOS, yaani vyama vya ushirika vya akiba na mikopo: Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imezileta chini ya mfumo wa leseni na usimamizi, na chama kinachotaka leseni kinahitaji watendaji wenye sifa. Mishahara ya kuanzia si mikubwa. Lakini ni uwanja ambao mhitimu wa hapa ana faida ya kuujua tangu nyumbani.

Sheria

Kwa wengi wa HGL na HKL ndoto ya kwanza ni sheria, na ukanda huu una shahada hiyo Makumira, kule Usa River, na MoCU. Lazima isemwe wazi kwamba shahada ya sheria haimpi mtu haki ya kusimama mahakamani kama wakili. Baada yake ni lazima apitie Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo (Law School of Tanzania) iliyoko Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, afaulu, kisha aapishwe na kuingizwa kwenye orodha ya mawakili. Hatua hiyo si ya kupita tu: mwaka 2022 ilitangazwa kwamba kati ya wanafunzi 633 waliofanya mitihani ni 26 tu waliofaulu masomo yote moja kwa moja, na Serikali ikaunda kamati ya kuchunguza. Wengi wa waliobaki walikuwa na mitihani ya kurudia, lakini namba hiyo inatosha kumfanya mzazi apange bajeti ya miaka minne au mitano badala ya mitatu, pamoja na gharama za kuishi Dar es Salaam.

Aliye na ufaulu mdogo asikate tamaa ya sheria. Chuo cha Uongozi wa Mahakama kilichopo Lushoto hutoa astashahada na stashahada ya sheria, na mwenye vyeti hivyo hufanya kazi kama karani mahakamani, katika ofisi za mawakili au katika serikali za mitaa. Baadhi yao hurudi baadaye kusoma shahada wakiwa tayari wanajua hati ya kiapo inaandikwaje, na hilo huwapa wepesi darasani.

Ualimu, kwa ukweli wake

Ualimu ndio kimbilio la wanafunzi wengi wa sanaa, na ukanda huu una vyuo vinavyoheshimika: Chuo Kikuu cha Kikatoliki Mwenge kule Moshi, na vyuo vya ualimu vya Marangu, Monduli na Patandi. Hata hivyo walimu wa Historia, Jiografia na Kiswahili ni wengi kuliko nafasi zinazotangazwa, upungufu mkubwa ukiwa kwenye Hisabati na Fizikia, na waombaji siku hizi huitwa kwenye usaili badala ya kupangiwa vituo moja kwa moja. Anayechagua ualimu kwa sababu tu "ajira ipo" anafuata habari ya zamani.

Pamoja na hayo, yako maeneo mawili ambayo ningemshauri kijana ayatazame. Mtaala ulioboreshwa umeifanya Elimu ya Biashara kuwa somo la lazima katika sekondari ya chini, ilhali kwa miaka mingi shule nyingi, hasa za kata, hazikuwa na mwalimu hata mmoja wa Biashara au Utunzaji wa Hesabu. Mwanafunzi wa ECA ambaye hajawahi kufikiria ualimu anapaswa kulifikiria hili kwa uzito. Eneo la pili ni elimu maalumu, ambayo Chuo cha Patandi, Tengeru, kimejijengea jina ndani yake. Watoto wasioona, viziwi na wenye ulemavu wa akili wapo katika kila wilaya, na walimu waliofundishwa kuwahudumia hawatoshi.

Lugha na utalii

Arusha ni makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na ndiko iliko Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Mwaka 2021 Jumuiya iliridhia Kiswahili na Kifaransa kuwa lugha zake rasmi pamoja na Kiingereza, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika uliidhinisha Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi. Hizi ni fursa za kweli kwa wanafunzi wa HKL, HGK na KLF (Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa), ila si kwa kila anayezungumza Kiswahili. Mkalimani wa mikutano anahitaji lugha mbili au tatu kwa kiwango cha juu sana na mafunzo maalumu baada ya shahada. Mwenye KLF anayeendelea na Kifaransa chuoni yuko karibu zaidi na kazi hiyo kuliko mwenye Kiswahili na Kiingereza peke yake. Kufundisha Kiswahili kwa wageni ni njia fupi zaidi. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, hutoa mafunzo yake, na wageni wanaotaka kujifunza hawakosekani Arusha, Usa River na Moshi.

Katika utalii, Chuo cha Taifa cha Utalii kina kampasi yake Arusha, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina chuo cha hoteli na utalii Njiro, na Chuo cha Wanyamapori cha Mweka, kilichoanzishwa mwaka 1963 kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kinajulikana Afrika nzima. Mtu wa sanaa mwenye Jiografia nzuri na Kijerumani, Kihispania au Kifaransa hulipwa zaidi kuliko mwenye Kiingereza tu, kwa kuwa kampuni hulazimika kumtafuta. Asichoambiwa ni kwamba Aprili na Mei, wakati wa masika, kambi na hoteli nyingi hupunguza watu au kufunga kabisa, na kwamba mwaka 2020 kazi hizi zilikauka kwa miezi. Anayeingia utalii aingie na elimu ya pili ndani yake, kama uhasibu wa hoteli au usimamizi wa uhifadhi wa nafasi za wageni, ambayo inahitajika hata magari ya safari yanapokuwa yameegeshwa.

Forodha, serikali za mitaa na maendeleo ya jamii

Namanga na Holili, vituo vya mpaka wa Kenya, ziko karibu nasi kiasi kwamba huwa tunazisahau. Mawakala wa forodha wanaotoa mizigo mipakani huhitaji watu wenye cheti cha Afrika Mashariki cha uwakala wa forodha, ambacho kwa hapa nchini hufundishwa na Chuo cha Kodi. Mafunzo hayafiki mwaka mmoja, na kwa mwenye stashahada ya biashara ni nyongeza yenye thamani kubwa kwa muda wake.

Halmashauri nazo hutangaza mara kwa mara nafasi za watendaji wa vijiji na mitaa. Sifa inayoandikwa ni Kidato cha Nne au cha Sita pamoja na astashahada ya ngazi ya 5 katika fani kama utawala, sheria, usimamizi wa fedha, maendeleo ya jamii au elimu ya jamii, kutoka Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo au chuo kingine kinachotambuliwa. Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru iko umbali mfupi tu kutoka Arusha mjini. Nawajua vijana wenye shahada waliolazimika kuomba nafasi hizi za astashahada baada ya miaka mingi ya kukaa nyumbani, na hilo linarudisha swali la jina la fani.

Matangazo ya Serikali huandikwa kwa kufuata miundo ya utumishi, na miundo hiyo hutaja fani kwa majina. Mwenye shahada ya "uhasibu na fedha" ataona fani yake. Mwenye shahada iliyounganisha maneno manne ya kuvutia anaweza asiione, hata kama amesoma masomo yaleyale. Kabla ya kuthibitisha chuo, mwanafunzi afungue tovuti ya Sekretarieti ya Ajira, asome matangazo kumi ya kazi anayoitaka, na aangalie kama jina la shahada anayoiendea limo. Sekta binafsi haina ukali huo, lakini nayo huanza kwa kuchuja majina.

Fedha na kalenda

Mikopo ya HESLB, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, kwa miaka mingi ilikuwa ya shahada. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 imefika pia kwenye stashahada, ila kwa fani za kipaumbele ambazo nyingi ni za sayansi, afya na ufundi. Kwa hiyo anayechagua stashahada ya biashara apange ada kwa kutegemea mfuko wa nyumbani. Anayeomba mkopo wa shahada aanze mapema kuhakiki cheti cha kuzaliwa RITA, wakala wa Serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na kama mzazi amefariki, cheti cha kifo pia, kwa sababu maombi mengi hukwama kwenye nyaraka. Mkopo huu ni deni: mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi hadi liishe. Nafuu iliyopatikana ni kwamba mwaka 2021 Serikali iliondoa tozo ya kulinda thamani ya mkopo, ambayo ilikuwa ikiyavimbisha madeni ya wahitimu.

Jambo la mwisho ni muda. Wahitimu wa Kidato cha Sita huitwa JKT kwa mujibu wa sheria kwa miezi mitatu, na matokeo hutoka wengi wakiwa bado kambini, mbali na simu. Dirisha la kwanza la udahili wa shahada hufunguliwa karibu na wakati huohuo. Tangu mwaka 2017 maombi hupelekwa moja kwa moja kwa kila chuo, hakuna tena mfumo mmoja wa kuwagawa waombaji, na kila mfumo wa chuo unaanza kwa kudai namba ya mtihani ya Kidato cha Nne. Kabla kijana hajaondoka, akae na mzazi au kaka yake, waandike kozi tatu au nne kwa mpangilio wa upendeleo, waziache namba za mitihani ya Kidato cha Nne na cha Sita nyumbani, na watumie namba ya simu itakayokuwa hewani muda wote. Akichaguliwa na zaidi ya chuo kimoja, atatumiwa namba ya siri ya kuthibitisha chuo kimoja, na uthibitisho huo una tarehe yake ya mwisho. Asipoutuma kwa wakati, nafasi hiyo hupewa mwingine.